Sanda Yangu Kichwani mwa Najla

Dada Hilweh, nimerudi ziarani miguu imevimba, na sanda yangu niliyojiwekea ya kuzikiwa sina. Sanda yangu! Kaichukua wifi yangu Najla.

Asubuhi kule Yerusalemu niliitandaza juu ya lile jiwe alilolazwa Bwana Yesu kabla ya kuzikwa, linalopakwa mafuta ya waridi, ikayanywa mpaka pindoni. Nikaikunja vizuri, nikaitia mkobani.

Mchana tukafika jangwani, kwenye monasteri ya Mar Saba. Wanaume wakaingia kwa watawa, sisi wanawake, tusioruhusiwa kuingia, tukabaki nje juani kama kawaida yetu. Najla akazimia, akaanguka, pu! Jiryis, aliyekuwa akitutembeza na akabaki nje nasi, akapekua mkoba wangu, akailowesha sanda kwa maji, akamfunga nayo kichwa kizima.

Najla kufumbua macho, akauona mbele ya uso wake msalaba nilioutarizi kwenye sanda. Akapiga yowe: "Mmeshanivika? Hata hamkungoja nife?"

Wote wakacheka. Mimi sikucheka, dada.

Nikamwambia, "Wifi, umeshapona, nipe nguo yangu."

Akaishika kwa mikono miwili. "Hii imenirudisha duniani, Mama Issa. Siitoi ng'o!"

Kashuka nayo kwake Beit Jala, kichwani vilevile, majirani wanamtazama.

Nimechoka hata kugomba. Na kwa macho haya nitamaliza lini kutarizi nyingine? Basi, itabidi nisife kwanza.