Baba Haioni Televisheni Niliyomnunulia

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijapasuka. Mimi ni fundi cherehani, baba yangu alivunjika nyonga na sasa analala sebuleni, kitanda kiko pembeni chini ya dirisha, starehe yake ni mpira tu, basi nikamnunulia televisheni mpya, nikachagua pana kuliko zote kwa pesa niliyokuwa nayo, maana dukani zote ziling'aa sawasawa, na ukuta nilishaupima, na baba akafurahi, akanibariki, kila nikimuuliza "picha safi kabisa, mwanangu", kumbe! Jana nampelekea chai namkuta anashangilia bao, na timu yake ndiyo imefungwa. Nikaketi kitandani kwake, nikatazama kutoka pale alipo: weupe mtupu, jezi zote rangi moja. Nililia jikoni, mshauri. Duka linakubali kubadilisha nikiongezea, ila kaka yangu anasema ama tuchukue televisheni ya daraja la juu kabisa ama tuache, nami hayo madaraja siyaelewi, tena nikibadilisha baba atajua kwamba nimejua. Nifanye nini?

Binti wa Baba

Pole sana, binti yangu. Baba wa kukuficha machungu kwa mapenzi hivyo si kila mtu anaye. Lakini nawe, fundi mzima! Ungemshonea mteja gauni kwa kupima kabati lake?

Sikiliza. Ukubwa si daraja. Kampuni moja hutoa televisheni za upana uleule, ya chini, ya kati na ya juu, zikapishana mwanga, rangi, na picha inavyoonekana ukikaa upande. Zinajulikana kwa herufi na namba za toleo, jina la kampuni pekee halikuambii kitu. Kaka yako apunguze makeke, ya juu ina mengi ambayo baba hayahitaji. Anza na ya kati, hata ikiwa ndogo kidogo, mradi picha haififii ukiitazama kutoka pembeni. Mwambie muuzaji apunguze ule mng'aro wa dukani, aweke mpira, nawe usisimame mbele. Vuta kiti ukae pembeni, chini, kama baba anavyolala. Ikififia, mwambie alete nyingine, usimwonee haya.

Na baba usimvizie. Mwambie, "Nimekaa hapo kwako, najua huoni." Atabisha. Mshike mkono. Aliogopa kudharau jasho lako, basi. Kisha muulize timu yake inacheza lini, na siku hiyo funga cherehani mapema, ukae naye.