Mutu wa Kuchekesha na Mama wa Kandida

Kavira mujukuu wangu,

Uko muzima kule Kinshasa? Sisi hapa Kimemi, ndani ya Butembo, tunapumua, Mungu asifiwe. Shangazi yako alikimbia vita ya Beni na batoto, nyumba imejaa. Habari ya ile njia sitaiandika, nimechoka.

Unauliza kama tumusamehe ule mucheshi wa televizyo mwenye alicheka ugonjwa wa mupinzani wa serikali, halafu akaomba pardon kwa video. Siku hizi banaomba pardon kwa telefone ya batu bote. Kwa mulango ya mwenye baliumiza, habafiki.

Wakati wa usichana wangu, hapa Butembo, hakuna ndoa ilifanyika bila Paluku kuchekesha batu. Kwa ndoa moja, karibu na uchaguzi, juu ya kufurahisha kandida wake, ule mwenye alikuwa anamutafutia kura, aliiga namna kandida mwengine alikuwa anachechemea. Batu balilia kwa kucheka. Kumbe mama ya ule kilema alikuwa ameketi mbele, sahani kwa magoti.

Kesho yake Paluku alimupelekea jogoo kwa mulango, akaomba pardon. Mama akamupika, bakamukula pamoja. Akasema: « Imeisha, mwanangu. »

Na iliisha kweli. Lakini kwa kila ndoa mama aliketi mbele kama zamani. Bote banacheka, yeye anamuangalia Paluku kwa upole tu.

Basi musamehe, Kavira. Kucheka tena, hiyo ni mambo ingine.

Paluku alipokuwa karibu kufa, nilienda kumusalimia. Mama alikuwa amekwisha kuzikwa zamani. Paluku akaniuliza: « Ule mama, alichekaka tena? »

Nikamunywesha maji.

Koko wako