Nguzo Ililia, Nikapunga Bendera Mbili

Mpendwa Bi. Glenys wa safu ya ushauri, naomba unisaidie kabla ya fainali ya Jumamosi, maana jambo lenyewe siwezi kumwambia mtu yeyote hapa Wirrabeel. Nina miaka sitini na moja, na kwa miaka thelathini nimesimama kwenye uzio nikiwapigia marefa kelele, "Refa, macho umeyaacha nyumbani?", huku nikibishana na Kelvin, mume wa dada yangu, ambaye ni shabiki damu wa Tarrook, wapinzani wetu, yeye huniambia, "Shemeji, nyie hata mkicheza peke yenu mtafungwa," nami humjibu kwamba Tarrook bila refa ni kondoo waliovaa jezi, tunacheka, tunagawana pai la nyama. Sasa siku ya nusu fainali refa wetu wa goli alishikwa na mgongo, na katika ligi yetu ya mpira wa Kiaustralia kila klabu hutoa wake wa kusimama nguzoni, basi wakanivika koti jeupe wakanipa bendera, dakika ya mwisho mshambuliaji wetu akapiga, mpira ukaparuza nguzo, nikasikia "ti", na ukigusa nguzo ni pointi moja tu, bendera moja, lakini mikono yangu ikapunga mbili, yaani goli, pointi sita, tukawashinda Tarrook kwa pointi mbili. Jioni ile kwenye baa ya klabu wenzake walipoanza kunung'unika, Kelvin akawaambia, "Mwacheni shemeji yangu. Mdomo anao, uongo hana." Tangu hapo sijagawana naye pai. Nikisema, klabu yangu itanitenga, nikinyamaza, siwezi kumtazama Kelvin usoni. Nifanyeje?

Mwenye Bendera

Mwenye Bendera, umeficha jina lako ukataja la shemeji yako, kwa hiyo wilaya nzima imeshakujua. Tuendelee.

Pole. Naamini unaumia. Lakini usiniletee habari za mikono, mikono haikupunga yenyewe. Miaka thelathini umewaita marefa wezi, na maskini wale walikuwa wanakosea tu. Wewe umepewa bendera siku moja, ukaiba.

Matokeo hayabadiliki, ligi imeshayapitisha, hilo liache. Lako ni Kelvin. Nenda kwake leo hii, kwa miguu yako, si kwa simu, na usianze na utani. Mwambie, "Niliisikia nguzo." Atakusimanga mpaka uzeeke zaidi, nawe utavumilia. Kisha mrudishie katibu wa klabu koti lake na umweleze kwa nini. Wakikununia, wanune. Jumamosi simama kwenye uzio robo zote nne za mchezo bila kumtupia refa hata neno moja. Najua hilo ndilo litakalokuuma zaidi.

Na usikae ukitunga maneno ya kumshtua shemeji yako. Siku ile gari langu lilikuwa limeegeshwa uzioni, nyuma ya nguzo ile, dirisha wazi, nami niliisikia. Kelvin alikuwa ameegemea boneti yangu, na masikio yake ni mazima.