Mfuko wa Koti la Baba Mdogo

Mpendwa mshauri,

Hili ninalokuandikia sijamwambia mtu yeyote, hata mama ninayelala naye chumba kimoja: baba mdogo ana bastola, anataka kuitumia Jumamosi, na mimi ndiye ninayemshonea mfuko wa kuibebea.

Mama ni fundi cherehani, nami nikitoka shule humsaidia kazi za mkono, vifungo, pindo na mifuko, na kwetu mfuko haukatwi mpaka fundi ajue kitakaa nini ndani, la sivyo nguo inavutwa upande mmoja na mteja anairudisha. Kwa hiyo baba mdogo alipoleta koti lake, mama akiwa amekwenda kupeleka sare za watu, nilimwuliza kama ninavyouliza kila mteja, "Kitakaa nini?" akasema simu, nikamwambia basi niipime, akasita, kisha akatoa kitu kilichozongwa taulo la kinyozi, kwani hiyo ndiyo kazi yake, akakilaza juu ya bitana na kukizungushia chaki, taulo likateleza, nikaona. Nikabaki nimeshika sindano. Akacheka kidogo, akasema, "Profesa, ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe huna maneno."

Profesa ni mimi, kwa sababu ya kusomasoma. Ni kweli sina maneno, darasani najua jibu lakini mkono hauinuki, ila nyumbani kwetu kila mtu sasa amekuwa hivyo tangu kaka alipopigwa risasi akiamua ugomvi wa watu wengine kwenye kibanda cha kuchaji simu. Kaka hakufa. Watu hulisema hilo kana kwamba habari imeishia hapo, lakini risasi ilimharibu uti wa mgongo, hatembei, mama humgeuza kitandani asipate vidonda, mgongo wa mama nao umeanza kuuma, na mdogo wetu wa mwisho akisikia sufuria imeanguka kwa jirani huingia chini ya meza na kukaa huko mpaka nimfuate. Kaka hutania, husema yeye ndiye mfalme, anakaa huku sisi tumesimama. Akiwa peke yake hatanii.

Sasa yule aliyempiga ametoka jela, amerudi mtaani, na ndiye baba mdogo aliyeniambia atamlipiza Jumamosi; nimemwona akiwa amembeba mtoto wake mabegani, nikamchukia, sitakudanganya. Lakini mtoto yule naye ana masikio ya kusikia sufuria. Na baba mdogo ndiye aliyetulea tangu baba afariki, kwenye kibanda chake cha kunyolea ndiko nilikojifunzia kusoma magazeti ya zamani, nikikataa nitakuwa nimemsaliti, nikishona nitakuwa nimemsaidia, na nikimwuliza mtu yeyote nitaambiwa haya ni mambo ya wanaume. Mbona basi waliobaki kuyafagia ni mama na mimi? Nimefika nusu ya mfuko. Nifanye nini?

Asiye na Maneno

*

Mwanangu,

Jibu hili nimekutumia kwa simu kabla ya gazeti kutoka, kwa kuwa Jumamosi haitatungojea.

Weka sindano chini. Unaniomba ruhusa ya kukataa, na ruhusa hiyo huihitaji kutoka kwangu wala kwa mwanamume yeyote. Pole sana kwa yaliyowapata. Lakini pia nikugombeze kidogo: mama yako analala hatua chache kutoka kwako, nawe umemwandikia mtu usiyemjua! Baba yako mdogo hakukuchagua kwa sababu anakuamini. Alikuchagua kwa sababu alihesabu utanyamaza. Mvurugie hesabu yake.

Bastola hiyo usiiguse, usiifiche, usiitupe chooni ukadhani umeokoa mtu. Mwambie mama leo, si kesho. Mwambieni na kaka yako, maana mwili uliojeruhiwa ni wake na hakuna aliyemwuliza anataka nini. Kisha mzungumze na baba mdogo mkiwa pamoja, mchana, silaha ikiwa mbali na mkono wake, aipeleke polisi mwenyewe akisindikizwa na mtu mzima. Akikataa, pigeni simu polisi. Ndiyo, atakasirika, na huenda akafungwa. Mtu aliyekasirika bado unaweza kumwomba radhi akiwa hai. Na huyo mdogo wenu wa chini ya meza apelekwe hospitali, kuna watu wa kusaidia watoto walioshtuka. Usimwache akue hivyo.

Mshauri

*

Mpendwa mshauri,

Nilifumua mfuko wote. Kisha nikamwambia mama. Alisimamisha cherehani, akaniuliza mara mbili kama nina hakika, akamwita baba mdogo aje amtazame kaka. Alipofika, mama alimwambia aache begi lake, ambamo tulijua bastola imo, mlangoni, akaliacha, tukaingia chumbani.

Nilisema mimi. Nikamwambia, "Baba mdogo, koti lako halina mfuko na sitaushona."

Akanigeukia. "Nilikuamini wewe!"

"Na mimi nilikuamini."

"Huyu mtoto anajua nini? Ni vitabu tu!"

"Mwache," kaka akasema. "Ukimpiga jamaa, miguu yangu itarudi?"

"Nakulipizia."

"Nilikutuma? Ukifungwa nani ataninyoa? Profesa? Atanikata sikio."

Kaka akavuta shuka. "Sawa. Kama lazima uende, niweke kwenye kiti cha magurudumu unisukume, nikamtazame mtoto wake akiona unavyompiga baba yake. Usiniache nyumbani kama mzigo halafu useme ni kwa ajili yangu."

Baba mdogo alikaa sakafuni. Mama akamwambia, "Shemeji, nina mmoja wa kumgeuza kitandani. Sina nguvu za kumtembelea mwingine gerezani kwa kuua." Baba mdogo alikaa pale mpaka chai aliyoletewa ikapoa. Kisha akainuka, akachukua begi, akasema twende kabla hajabadili mawazo.

Tulikwenda kituo cha polisi sote, kaka kwenye kiti, mdogo wetu ameshika mkono wa kiti. Askari wa mapokezi aliuliza nani anaeleza. Watu wazima wakanitazama, nikaeleza mimi, tangu kwenye chaki. Walimweka baba mdogo mahabusu kwa kumiliki silaha bila kibali. Mama alilia njia nzima ya kurudi. Jumamosi ilipita, yule mtu akapita barabarani na mtoto wake, bado namchukia.

Jumatatu nilimpeleka mdogo wetu hospitali. Jana nilimpelekea baba mdogo chakula. Alipokea sahani bila kunitazama. Leo nimekwenda tena.