Mzinga Ambao Sijaufungua

Kaka Eliya,

Mama bado anainuka kila pikipiki inapopunguza mwendo hapo njiani. Haendi mlangoni. Anainuka tu, anakaza kanga yake kiunoni, halafu anakaa tena.

Tulikuzika, Kaka. Jeneza lilifika limepigiliwa misumari. Waliolileta walisema gari ulilopanda liliungua sana, tusifungue jeneza. Mimi nilionyeshwa kiatu kimoja, kisigino kimelika upande wa nje kama vyako vyote. Nikasema ni wewe.

Siku ya kuanua matanga, Baba Mdogo alitaka kitanda chako kitolewe. Mama akakataa. Akaniita mbele ya watu, akaniuliza, "Rehema, ni shua au ni sateni?"

Wengi hawakuelewa. Mimi nilikumbuka ule mzinga wako kwenye mti wa mninga, nyuma ya shamba, siku uliponifundisha Kiingereza tukiwa tumekwenda kurina asali. Ulisema nikiona nyuki wanapitapita mdomoni mwa mzinga, hiyo ni probably. Nikigonga nikawasikia wanavuma ndani, hiyo ni sure. Nikifungua nikaona masega kwa macho yangu, ndipo niseme certain. Mama alikuwa amesimama na ndoo. "Mwalimu, fungua basi, tumechoka na probabli yako." Ulicheka mpaka nyuki wakachachamaa, tukakimbia wote watatu.

Nilimjibu, "Ni shua, Mama."

Akanitazama. "Basi tuanue matanga. Kitanda kikae."

Kipo. Ninafagia chini yake. Asubuhi nyingine nakuta shuka limebonyea pembeni, kama mtu ameketi hapo kufunga viatu. Labda ni Mama. Sijamuuliza.

Jana nilikwenda kwenye mzinga wako. Niligonga, wakavuma. Mkono ulikataa kufungua. Niliporudi Mama akauliza, "Wamo?"

"Wamo."

"Uliwaona?"

Nikaenda kuchota maji.

Msimu wa kurina ukifika nitaufungua, Kaka. Mama atapata sega la kwanza, kama ulivyokuwa unampa wewe. Hilo nakuahidi. Kitanda sitakigusa, na mlango wa uani nitauegesha tu, bila komeo.

Pumzika. Ni sure kwamba umekufa. Lile neno lingine limenishinda.

Mdogo wako,
Rehema