Mama, Mbwa Wako Ameanza Kula Kuku

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nimejaribu kuanza bila shikamoo nikashindwa. Nimekaa kwenye kigoda chako nyuma ya jiko, miguu ina vumbi mpaka magotini, na nimechoka. Watu walinitayarisha kwa kulia. Hakuna aliyenitayarisha kwa ndoo. Asubuhi ndoo ya bustani, mchana ndoo ya pumba, jioni ndoo ya bustani tena, na katikati hapo kuna nguo za watu zinasubiri kwenye cherehani.

Bustani kwanza, maana ndiyo ungeuliza. Matembele yapo, hayafi yale hata ukiyatukana. Nyanya chungu zinazaa. Mchicha uliungua wiki niliyopata homa. Mgagani na mlenda uliokuwa umejiotea kando ya ua, shangazi zangu waliulima wote wakati wa matanga. Walikuwa wanasafisha uwanja ili wageni wakute pazuri. Niliporudi kutoka kukuzika nikakuta pamefagiliwa, peupe, na shangazi mkubwa amesimama na jembe akingoja nimshukuru. Nikamshukuru. Ningefanyaje?

Bata nimewagawa. Bata wanataka maji, na bomba letu unalijua, linatoka likijisikia. Kuku nimebaki nao. Wewe ulikuwa ukifungua banda unawaamkia "mwangaluka" kama unaingia kwenye baraza la wazee. Mimi nafungua mlango, wanatoka, basi. Wananitazama kidogo kama wateja waliokuta duka limebadilisha muuzaji.

Lakini kilichonikalisha hapa kuandika ni Hayakuhusu.

Nacheka kila ninapomwita kwa sauti na mpita njia akageuka. Ulimpa mbwa jina hilo kwa ajili ya Bi Zaituni, jirani yetu wa ng'ambo ya ua wa minyaa, alipolalamika kwamba mbwa wa Wakristo atamharibia udhu. Mwezi mzima ulikuwa ukisimama uani unaita "Hayakuhusu! Njoo ule, Hayakuhusu!" mpaka naye akashindwa kujizuia akacheka kule kwake, na toka hapo mkawa mnapeana mboga juu ya ua. Yeye alikuja kukuosha, Mama. Alisimama mlangoni akasema kama kuna mtu ana neno aseme sasa, akaingia na shangazi zangu.

Mbwa yule hakuwahi kugusa kuku. Vifaranga walikuwa wanapanda mgongoni kwake akilala. Mwewe akipita juu, yeye ndiye aliyebweka kwanza. Sisi tulidhani ndivyo alivyozaliwa.

Siku za msiba wapishi walichinja kuku pale nyuma ya jiko. Watu walikuwa wengi, walikula karibu banda zima, na sikuona vibaya, kuku wako wamekuaga vizuri. Vichwa na matumbo wakamtupia Hayakuhusu. Wenyewe waliona huruma, mbwa naye amefiwa, ale. Akala vibichi, vina damu, siku zote zile. Wewe hukumpa kitu kibichi hata siku moja. Utumbo ulikuwa unauchemsha na pumba mpaka jiko linanuka na Kaka Shija anakimbia nje, na ulikuwa ukisema mbwa akionja damu ya nyumbani hatajua tena nani ni wa nyumbani. Nilikuwa ndani, nimelazwa kwenye mkeka na wanawake. Sikuona kilichokuwa kinaendelea nyuma ya jiko.

Wageni walipoondoka akaanza. Alianza na yule mwekundu aliyekuwa akiatamia. Nikadhani kicheche. Kisha nikamkuta mwenyewe, manyoya puani, anatingisha mkia. Nikampiga. Sikuwahi kumpiga, Mama, na hakukimbia, alilala tu chini akaniangalia. Nikamfunga kamba. Akaikata, akavuka minyaa, akamuua jogoo wa Bi Zaituni.

Unajua huku mbwa aliyeanza kuku anafanywa nini. Kaka Shija alinipigia simu kutoka Usinge akasema nisimlaumu yeye, mbwa wa hivyo haponi, na mimi nina kazi nyingi za kutosha. Atakuja na treni mwisho wa mwezi, atammaliza mwenyewe, nisiwepo tu. Aliongea kwa upole sana. Kilichoniumiza ni kwamba nilipokata simu nilisikia nafuu. Niliwaza: mdomo mmoja utapungua. Kisha nikakaa chini ya kamba ya nguo nikalia, kwa sababu katika nyumba hii ni yeye tu anayekwenda bado kulala mlangoni pa chumba chako.

Bi Zaituni ndiye aliyenipa dawa. Hakuzungumzia jogoo wake. Aliniambia bibi yake alikuwa akimfunga mbwa mwizi shingoni yule kuku aliyemuua, amvae mpaka aoze, mpaka achoke naye. Nikafanya. Nisikueleze harufu, Mama. Wateja walisimama nje kutaja vipimo. Hayakuhusu alizunguka uani na jogoo kifuani kama medali, akijaribu kujiacha nyuma. Hakula. Alijificha kwenye matembele yako akayaponda yote, nayo yakaanza kuchipua tena. Na mimi nikarudia kumchemshia utumbo na pumba kama wewe, kila jioni, nikiwa nimesinzia juu ya sufuria.

Leo nilimfungua. Bi Zaituni alikuja hadi kwenye minyaa na tetea wake mmoja, akamrusha huku kwetu. Akasema kama atamla, mwite kaka yako. Kama hatamla, tusilisikie tena jambo hili. Nilitaka kumwambia angoje hadi kesho. Nilikuwa na fimbo ambayo nilijua sitaitumia.

Tetea akatembea moja kwa moja kwenye sahani ya mbwa. Akadonoa pumba. Hayakuhusu akainuka, masikio yamesimama. Akamnusa mgongoni. Akapiga chafya. Kisha akageuka, akaenda kulala upande wa pili wa uwanja, uso ukutani, kama mtu aliyekataa ugomvi. Bi Zaituni akasema alhamdulillahi. Mimi nikasema nini sijui, nadhani nilikuita.

Nimempigia Kaka Shija. Akasema basi, atakuja kusalimia tu.

Kwa hiyo mbwa wako yuko hai. Atakaa hapa mpaka azeeke afe mwenyewe, na hakuna kitu chenye damu kitakachomfikia bila kupita kwenye sufuria. Hata tukiwa na msiba mwingine, nitatoka kwenye mkeka kwanza nikawaambie wapishi. Hilo nakuahidi, Mama, nalishika. Mengine usinidai. Matuta yako yote siyawezi. Nitabaki na matembele na nyanya chungu, na mlenda ukitaka kurudi urudi wenyewe. Watu wanasema bustani imepungua. Imepungua kweli. Mwenye nayo hayupo.

Ninapochota maji gizani ndiyo nafikiri jinsi ulivyoyafanya haya yote peke yako, na mgongo ule, na sisi tukija likizo tunakula mboga tunasema tamu, tunalala mpaka jua linapanda. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyekuambia ukae chini. Basi nakuambia mimi, ingawa nimechelewa: kaa chini, Mama. Pumzika.

Kesho sina nguo za mtu. Nitawafungulia kuku wako, halafu nitarudi kitandani, na wewe usije ukaniamsha.

Binti yako,
Kabula