Maziwa ya Kwetu kwenye Kitanda cha Pili

Baraka, tarehe 4 mwezi wa pili 2024

Kwako Mugwaneza, mutoto wa dada yangu,

Nakusalimu sana, pamoja na mama yako na ng'ombe zote, hata ile ya pembe moja yenye haikunipendaka. Kifua ya mama iko namna gani? Mi niko muzima kabisa, ukitoa muguu.

Sasa sikia vile ilipita, sababu batu ya Kilembwe batakudanganya. Tulikuwa tunatoka Lulimba na Bertin, yule motari mwenye kubeba batu na pikipiki. Kwenye daraja pikipiki ikateleza, Bertin akaruka kama panzi. Mi nikasema, pikipiki ya mutoto wa batu haiwezi kupotea mbele ya macho yangu. Nikaishika na mukono moja juu ya maji, mukono ingine nikakamata mbao. Mbao ikakatika, njo paja ikavunjika. Docta mwenye alinipasua anasema mufupa yangu ilikuwa nguvu sana, chombo yake ilitoa moshi. Baliweka chuma ndani, kisha bakanileta huku, kwa nyumba yenye banafundisha batu kutembea tena.

Mwenye kutufundisha anaitwa Florentine. Ni mwanamuke mufupi, lakini akikwambia inua muguu, muguu inainuka mbele wewe mwenyewe ujue. Anasema mvua ikiisha nitakuwa nimesimama. Nikamwambia ni lazima, sababu mutoto wetu anaolewa, baba yake alikufa, na mi njo mwenye kusema siku ya kupokea ng'ombe za mahari. Uliona wapi mutu anapokea ng'ombe amelala?

Usikuje kunilinda. Utajua sababu: jana balimuleta Kagabo, baba ya Patrice wako, alianguka akavunja kiuno, na balimulaza kitanda ya pili, karibu na yangu. Bibi harusi hawezi kulala chumba moja na baba mukwe mbele ng'ombe hazijatoka. Ukae huko, na mama asiache kifua kwenye baridi. Huku nitatosha mwenyewe.

Mujomba wako,
Sebatware


Kilembwe, tarehe 18 mwezi wa pili 2024

Mujomba mupenzi,

Shikamoo, na pole tena na tena. Mama anakohoa asubuhi tu, mchana anagombeza watu kama kawaida, kwa hiyo tumeshukuru. Yule wa pembe moja amezaa, ndama jike.

Nilimuuliza Bertin juu ya ile daraja. Alicheka mpaka akakaa chini. Anasema pikipiki ilikuwa imesimama mbele ya duka la mafuta, na wewe ulikuwa umepanda nyuma ukionyesha watu vile unavyoruka mito. Sitamwambia mtu.

Lakini niambie ukweli kwa jambo moja. Nani anakupikia? Nasikia hapo wanatoa sahani moja kwa siku, bukari ya unga wa muhogo na maharagi, na yenye kubaki ni kazi ya ndugu wa mugonjwa. Mimi siwezi kuja, umenifunga na baba mukwe. Basi nimempa Bertin kibuyu cha maziwa ya mgando na siagi kwenye majani ya ndizi. Atakuwa analeta kila akishuka Baraka. Ukunywe yote. Mama anasema mufupa haushiki kwa maneno.

Nimsalimie baba mukwe? Sijui kama inafaa. Mwambie tu kwetu wazima.

Binti yako,
Mugwaneza


Baraka, tarehe 10 mwezi wa tatu 2024

Mugwaneza yangu,

Salamu nyingi kama ndakala, zile samaki ndogo za ziwa. Kama ndama imesimama vizuri, uiite Daraja, kwa kumbukumbu ya kazi yenye nilifanya pale, hata kama Bertin ni mwongo tangu tumbo ya mama yake.

Maziwa ilifika. Chumba nzima ilisikia harufu, batu bakageuza shingo. Kagabo mwenyewe alisema, hii ni maziwa ya batu benye kujua ng'ombe. Nilifurahi mpaka muguu ikasahau kuuma. Ujue hapa mi sikai kama mugonjwa. Nakaa kama mulango ya nyumba yetu. Kila chenye Kagabo anaona kwangu, ataenda kukisema kwao, na batakupima nayo miaka yote. Njo maana ninajichunga. Mutu mwenye heshima hawezi kutafuna mbele ya mukwe, na mi ninajua kukaa na bakwe kushinda mutu yeyote kati ya hapa na Fizi.

Florentine anazungushaka kamba kwa paja yangu, kisha anaangalia kamba, kisha anaangalia mi. Anasema nyama inapungua. Alinipandisha pia kwa mizani, akasema nimepungua kilo tena. Nikamwambia mizani yake ilizoea kupima batoto. Hakucheka. Anasema kufanya mazoezi bila kula ni kuamuru mwili ujile wenyewe. Ananiuliza, mzee, sahani yako inaenda wapi? Nikamwambia mwanamuke hachunguzi sahani ya mwanaume. Darasa yake yote ikacheka, yeye akaenda.

Jana nilisimama kati ya mbao mbili za kushikilia. Nilihesabu ng'ombe za harusi yako zote kichwani, kisha njo nikakaa. Kagabo anatembea tayari mpaka dirisha. Anakula vizuri, yule mwanaume. Nafurahi kumuona.

Mujomba wako, mulango ya nyumba,
Sebatware


Kilembwe, tarehe 27 mwezi wa tatu 2024

Mujomba,

Shikamoo. Hapa mvua inapiga sana, njia ya bonde imekuwa supu. Sisi wazima. Ndama Daraja anaruka kweli, si kama mwingine ninayemjua.

Barua yako nilimusomea mama mara mbili. Pale kwa kamba na mizani aliniambia nirudilie. Halafu akaenda kuongeza siagi kwenye majani. Mujomba, unakunywa ile maziwa? Nijibu kwa neno moja tu, usilete hadithi.

Patrice amerudi kutoka kwa machimbo ya Lulimba. Anasema ng'ombe ziko tayari, wanangoja wewe usimame. Nilimwambia sherehe inaweza kufanyika hata ukikaa kwenye kiti. Akasema hiyo ni yako kuamua.

Binti yako,
Mugwaneza


Baraka, tarehe 21 mwezi wa ine 2024

Mugwaneza,

Usikasirike nilikawia. Kalamu ilikuwa imeisha, kisha mukono ilikuwa imechoka. Mama, ndama, Patrice, bote nabasalimu.

Uliniomba neno moja. Nakupa kubwa kushinda: nimenenepa! Mwambie mama. Miguu yote mbili imejaa, viatu inakataa kuingia. Uso umejaa pia, asubuhi macho inafunguka kidogo tu kama ya mutu tajiri. Nikibonyeza na kidole gumba kwa mufupa ya mbele ya muguu, shimo inabaki pale, inakaa, kama umeweka kidole ndani ya siagi. Nilionyesha batu bote. Nikabaambia, muone, hii njo mwili ya mutu mwenye kulishwa na ng'ombe za kwao.

Florentine alibonyeza pia. Hakuondoa macho kwa ile shimo mpaka ikarudi. Akaenda kumuita docta, bakasemezana Kifransa kando ya mulango. Mi najua Kifransa, lakini balisema na sauti ya chini.

Sasa sikia ya muhimu. Leo asubuhi Kagabo alitoka! Kwa miguu yake, na fimbo mbili tu. Kifua mbele, mashavu inang'aa. Chumba nzima ilimupigia makofi. Alinishika mikono yote mbili akaniambia, Sebatware, nilikuwa nasikia habari ya nyumba yenu, sasa nimeiona. Nililia kidogo, lakini batu balizani ni moshi.

Basi kitanda ya pili iko wazi. Ni kimya sana huku.

Mujomba wako,
Sebatware


Kilembwe, tarehe 9 mwezi wa tano 2024

Mujomba yangu,

Sijui nianze na salamu gani. Uko? Unapumua vizuri?

Ile barua ya unene nilipita nayo kwa majirani nikisema mujomba wangu amenona. Mungu anisamehe, nilicheza hata.

Jana baba mukwe alifika. Alituma mtu, nikasimama nyuma ya mulango vile inavyofaa, na yeye akasema na mama barazani. Akasifu maziwa yetu. Akasema siagi yetu inashinda zote kwa utamu. Mama akamuuliza, "Umeionja wapi?" Akasema, "Kwa mkono wa Sebatware, kila kibuyu chenye Bertin alileta." Kisha akasema na habari ya sahani. Kila siku ulisukuma sahani yako kwake ukisema umeshiba tangu asubuhi. Yeye hakuweza kuikataa, kukataa chakula cha bakwe ni kuwatukana. Alifikiri unakula wakati anapelekwa kwa mazoezi. Mama akamuambia juu ya kamba na mizani, na lile shimo la kidole. Mujomba, yule mzee aliinama akashika miguu yake mwenyewe, ile uliyomulishia, akakaa hivyo.

Nilitoka nyuma ya mulango. Nilisimama mbele ya baba mukwe bila kitambaa kichwani, na hakuna aliyeniambia rudi.

Muganga wa hapa anasema ule si unene. Ni maji. Ni mwili wenye hauna tena kitu cha kujishikilia.

Sasa sikia wewe. Kagabo ameondoka hapo. Hakuna mukwe mbele yako. Kula. Kula mbele ya Florentine, mbele ya chumba chote, hata njiani. Daraja la bonde limechukuliwa na maji, Patrice na mimi tunakuja kwako kwa miguu, tunapita upande wa juu. Bertin amevushwa na mtumbwi, atatangulia na barua hii na kibuyu. Kinywe mbele yake, nimemwambia asiondoke mpaka aone kimeisha.

Binti yako,
Mugwaneza


Baraka, tarehe 12 mwezi wa tano 2024

Mutoto yangu Mugwaneza,

Bertin amefika. Anakaa hapa kando anaangalia kibuyu kama polisi. Ninakunywa. Florentine anatia kwa kikombe kidogo, anangoja, anatia tena. Kijiko ilikuwa nzito.

Maji imetoka yote kwa miguu. Sasa ninaonekana mwembamba kidogo. Florentine ananigeuza na mukono moja, na ujue ni mufupi. Mi niko mwepesi vile, nikifika kwa ile bonde yenu sitahitaji daraja.

Usimugombeze Kagabo. Alikula vizuri, njo nilitaka.

Maneno ya siku ya ng'ombe naandika hapa, isipotee. Nitayasema mwenyewe. Lakini ukae nayo, na kama nikichelewa njiani, Bertin ayasome, yule mwongo ako na sauti:

"Bakwe betu, tumepokea ng'ombe, ni nzuri. Mutoto huyu hana baba, ako na mujomba. Anajua kukamua na anajua kunyamaza, lakini musimunyamazishe. Nyumbani kwetu hakuna mutu alishalala njaa, muulize Kagabo. Basi na kwenu asilale njaa hata siku moja."

Ni hayo. Mukono imechoka.

Na batu bakiuliza, useme niliyasema nikiwa nimesimama.

Mujomba wako,
Sebatware